Kwa nini Remmy Ongala ni mtunzi mkubwa, na umsikilize vipi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mwanza, napiga gitaa na kutunga nyimbo zangu mwenyewe. Baba yangu akisikia wimbo wa Remmy Ongala redioni, nyumba nzima inabidi inyamaze. Nimejitahidi kumsikiliza lakini bado sijamwelewa. Sauti yake nzito haina utamu, nyimbo ni ndefu mno, na mara nyingi anaongea kuliko kuimba. Kwa nini ninyi wakubwa mnampandisha juu kiasi hicho kama mtunzi? Nikitaka kujifunza kwake nianze na nyimbo zipi? Na je, mwanamke anaweza kuzipiga nyimbo zake jukwaani zikamkaa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimemsikiliza Remmy tangu nikiwa kijana, na kazi yangu ni kufundisha gitaa la muziki wa dansi, kwa hiyo swali lako limenigusa kote kuwili, kama mpenzi na kama mwalimu. Jibu litakuwa refu. Naomba uvumilivu wako.

Kwanza nakubaliana nawe kuhusu sauti. Enzi zake kulikuwa na waimbaji wenye sauti za asali: Hassani Bitchuka, Hemedi Maneti wa Vijana Jazz, Shaaban Dede, TX Moshi William. Ukimsimamisha Remmy kwenye mstari huo kwa kipimo cha utamu, atakuwa wa mwisho, na sidhani kama hilo lilimnyima usingizi. Yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya mbele ya kadamnasi, wakati waimbaji wenzake walikuwa wakishindana kwa suti na viatu vya kung'aa. Aliamua mapema kwamba hatakwenda jukwaani kupendeza. Alikwenda kusema jambo, na sauti ile nzito, iliyokwaruza kidogo, ilikuwa ya mtu ambaye unaweza kumkuta kwenye foleni ya bomba la maji. Ukimsikia unaamini kwamba yaliyomo kwenye wimbo yamemkuta.

Na mengi yalikuwa yamemkuta kweli. Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Watoto waliomtangulia kwa mama yake walifariki, na yeye inasimuliwa alizaliwa akiwa na meno mawili, jambo ambalo kwao lilihesabiwa kuwa dalili ya uganga. Hapo ndipo penye mzizi mmoja wa lile jina la Dokta alilobaki nalo maisha yake yote. Akafiwa na baba akiwa mdogo, kisha mama, na shule ikaishia njiani. Gitaa na ngoma ndivyo vikawa riziki yake. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, alimwita Dar es Salaam ajiunge na Orchestra Makassy. Bendi hiyo ilipohamia Nairobi miaka michache baadaye, Remmy alibaki na kuingia Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha huko Songea na ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Baadaye ikaitwa Super Matimila, na kwa msikilizaji wa kawaida Matimila na Remmy likawa jina moja.

Hilo la nani mwenye vyombo usilipite haraka. Siku hizi mtu ananunua gitaa lake, anarekodi chumbani kwake, mambo yanakwenda. Wakati ule vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na bendi nyingi kubwa zilikuwa za mashirika na taasisi: za chama cha wafanyakazi, za Jumuiya ya Vijana, za jeshi, za polisi, za shirika la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo karibu kila bendi ilikorekodi. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurushwa hewani. Hatukuwa na kiwanda cha santuri, aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Kwa hiyo mtunzi alikuwa na mlango mwembamba sana wa kupitishia maneno, na ukubwa wa Remmy unaanzia kwenye kile alichofanikiwa kukipitisha hapo.

Alipitisha kilio cha mnyonge.

Utasema mbona wengi waliimba kuhusu maskini. Ni kweli. Lakini rudi kwenye miaka ile. Tumetoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina imekauka. Sukari ni ya foleni, sabuni ni ya foleni, unga ni wa foleni. Mwaka 1983 wakaja na operesheni ya wahujumu uchumi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere akang'atuka, Mzee Mwinyi akaingia, na 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakajaa bidhaa, mifuko ikabaki mitupu. Katika kipindi chote hicho mkulima na mfanyakazi walitajwa kila siku kwenye hotuba. Walitajwa, lakini na mtu mwingine aliyesimama juu yao na kusema kwa niaba yao. Nyimbo nyingi za bendi zilifuata mkao huohuo: fanyeni kazi, jengeni nchi, epukeni uvivu.

Remmy aligeuza mkao. Kwenye "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge" anayesema ni mnyonge mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Hana ushauri kwa yeyote. Analalamika, na anaeleza dunia inavyoonekana kutoka pale chini alipo. Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya barabarani: baiskeli haina usemi mbele ya motokaa. Itazame picha hiyo kwa macho ya mtunzi. Haina neno moja la siasa. Hakuna tabaka, hakuna unyonyaji, hakuna hata tajiri anayetajwa hapo. Kila aliyewahi kuendesha baiskeli barabara ya Morogoro akasikia honi nyuma yake anajua alichoambiwa, na anajua pia kwamba yule dereva hakumsukuma kwa chuki. Gari ni gari tu. Mkaguzi wa mashairi angeweka wapi kalamu yake nyekundu?

Wewe unayetunga, hili ndilo la kwanza ninalotaka ulichukue. Chukua jambo kubwa, litafutie mahali ambapo msikilizaji alikwishalipitia kwa mwili wake, kisha liache hapohapo bila kulitafsiri. Remmy akishatoa picha hafafanui. Anahamia nyingine.

Sasa urefu wa nyimbo, na kule kuongea. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wasikilizaji wa umri wako wengi wanapompoteza.

Wimbo wa dansi ulitungwa kwa ajili ya ukumbi. Bendi ilianza usiku na kumaliza karibu na alfajiri, na watu walikuja kucheza. Wimbo ulikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya maneno, mwendo wa taratibu, watu wawili wawili wameshikana. Ya pili ni chemko, magitaa yanapanda, waimbaji wanaitikia kibwagizo kifupi, kila mtu anacheza kivyake. Santuri za Nairobi zilikuwa zinaukata wimbo hapohapo: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Ukisikiliza kwa simu huku ukisubiri daladala unaona urefu. Ukiwa ukumbini unaona nafasi.

Vaa visikilizi usiku mmoja, chagua wimbo wowote wa Matimila wa miaka ya 1980, usikilize mara nne mfululizo. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Utashangaa jinsi isivyojaza. Inapiga noti mbili tatu, inanyamaza, na ule unyamavu ndio unaomfanya mchezaji anyanyue mguu. Mara ya pili fuata ridhim, gitaa la chini linalozunguka palepale kwa uvumilivu mkubwa. Mara ya tatu sikiliza jinsi solo na sekondi solo, yale magitaa mawili ya juu, zinavyopeana nafasi: moja inauliza kwa sentensi fupi kule juu ya shingo ya gitaa, nyingine inaingia katikati ya mapengo, mpaka huwezi tena kusema ipi ni ipi. Matimila ilikuwa na wapigaji hodari, na jina la Batii Osenga katika solo linastahili kutajwa kila anapotajwa Remmy. Mara ya nne ndipo umsikilize Remmy. Sasa utagundua kwamba yale maongezi hayakutupwa ovyo. Anaingia nyuma kidogo ya mapigo, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Anatoa sentensi moja, anairudia akibadilisha neno moja. Waitikiaji wao wameshikilia mstari uleule bila kuyumba. Kadiri wao wanavyokaa palepale, ndivyo yeye anavyopata uhuru wa kuzunguka.

Ni ufundi wa ngoma za jadi, ule wa mghani na waitikiaji, uliowekwa juu ya magitaa ya umeme. Kongo waliujua, na mwanamuziki wao Franco aliufikisha mbali sana kwa nyimbo zake ndefu za kusimulia. Remmy aliujua ufundi huo tangu kwao na akauweka kwenye Kiswahili ambacho Dar es Salaam yote ilikielewa, chenye lafudhi ya Kongo ambayo hakuwahi kuificha. Yeye muziki wake aliuita ubongo. Ukiupunguza wimbo wake ukawa wa dakika tatu, utabaki na kibwagizo kizuri na utakuwa umemwondoa yule mtu anayefikiri.

Nikulinganishie kidogo, kwa sababu naamini mtunzi hujifunza kwa kuona tofauti. Mbaraka Mwinshehe aliyaacha mengi kwa gitaa lake, nalo lilisema. Marijani Rajab alikuwa msimulizi: ana Zuwena, ana Mwanameka, ana Georgina, watu wenye majina na mikasa, na ukimaliza wimbo umemaliza hadithi. Remmy hasimulii sana. Anatafakari hadharani. Ndiyo maana msikilizaji wa Marijani hukumbuka kilichotokea, na wa Remmy hukumbuka kilichosemwa. Ukiniuliza nani mkubwa kati yao sitakujibu, ila ukiniuliza nani mgumu zaidi kuigwa, nitasema Remmy bila kusita. Ufundi wa kusimulia unafundishika. Kufikiri mbele ya watu wanaocheza, bila kuwaachisha kucheza, sijui kama kuna darasa lake.

Angalia pia anavyoita nyimbo zake. "Ndumila Kuwili." "Kipenda Roho." Ni maneno ambayo tayari yako mdomoni mwa watu, na la pili ni nusu ya methali: msikilizaji anaimalizia mwenyewe kabla ya gitaa la kwanza kulia. Au "Mnyonge Hana Haki", jina ambalo ni sentensi kamili, unaweza kulisema kituo cha basi na mtu akaitikia. Kabla hujatafuta kiitikio cha kuvutia, jiulize kama jina la wimbo wako linaweza kusemwa na mama muuza vitumbua bila kujua kwamba ni jina la wimbo.

Kuna nyimbo za kifo. "Siku ya Kufa" ni miongoni mwa kazi zake za mwanzo, na "Kifo" ndiyo iliyoingia kwenye kila nyumba. Kwa sisi tuliokuwepo, wimbo huu ulipigwa mahali pa ajabu: misibani ulipigwa, na Jumamosi ukumbini ulipigwa, watu wakacheza. Wapo waliokwazika kwamba inakuwaje mtu acheze wimbo wa kufa. Mimi naona hapo ndipo Remmy alipokuwa mkweli kuliko sisi. Analalamika kwamba kifo hakina huruma, wala halipaki rangi jambo hilo. Lakini kwa mnyonge kifo kina sifa moja ambayo polisi, karani na mwenye nyumba hawana: hakipokei hongo, hakimjui bosi. Ndicho kitu pekee kinachomchukua mwenye gari na mwenye baiskeli kwa kipimo kimoja. Ukiziweka nyimbo za mnyonge na nyimbo za kifo pamoja utaona kwamba ni hoja moja iliyotungwa mara mbili. Haki ambayo barabarani haipo, Remmy aliitafuta kaburini. Wimbo wa namna hiyo watu wanaucheza kwa sababu wanahitaji kuubeba pamoja, kila mmoja peke yake haubebeki.

Halafu akatunga "Mambo kwa Soksi".

Wewe hukuwa umezaliwa, kwa hiyo nikueleze hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Huko Bukoba watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyovuma kwa magendo. Mpaka tunaingia miaka ya 1990 kila ukoo ulikuwa umezika, lakini kwenye matanga ilitajwa malaria, kilitajwa kifua kikuu, ulitajwa uchawi. Vijana wakachukua herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa na kuzigeuza mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Nyimbo nyingi za kampeni zilitisha tu, zikahubiri, zikaishia hapo. Kondomu haikutajwa kwa sauti. Remmy akaiita soksi, jina la mtaani, akaiingiza kwenye lugha ya mpira wa miguu, ya mchezaji na uwanja, akaimba mbele ya umati. Radio Tanzania haikuupiga. Wimbo ukatembea kwa kanda, kwenye mabasi, kwenye baa, na kwa midomo ya watoto ambao hawakujua wanaimba nini.

Nimesikia watu wakiuita wimbo ule uhuni. Naupinga usemi huo kwa nguvu zangu zote. Mtu ambaye miaka kumi alikuwa ameimba kwamba kifo hakina huruma, akaona sasa kuna kifo ambacho kinaweza kuzuiwa kwa kitu kinachopatikana dukani, angenyamaza vipi? Hakubadilika hata kidogo. Ni yuleyule wa "Kifo", ila safari hii alikuwa na dawa mkononi na serikali ilikuwa inaona aibu kuitaja. Kwangu huu ni miongoni mwa nyimbo zenye ujasiri mkubwa kuliko zote zilizotungwa kwa Kiswahili, na ukisikiliza vizuri ni mchangamfu, una magitaa mazuri, hauna kidole cha kumnyooshea mgonjwa yeyote.

Kuhusu Ulaya nitapita haraka, maana habari zake ndizo zinazopatikana kirahisi. Rafiki aliyerejea Uingereza alibeba kanda ya Matimila, ikafika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, ambalo mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel ni mmoja wa waanzilishi wake. Bendi ikaalikwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ikatoka "Nalilia Mwana" mwaka 1988, mkusanyiko wa nyimbo zilizokwishatamba nyumbani. Kisha "Songs for the Poor Man" mwaka 1989, miongoni mwa albamu za kwanza za lebo ya Real World, na "Mambo" mwaka 1992. Sauti za albamu hizi ni safi, kila chombo unakisikia, na kwa mwanafunzi wa gitaa ni hazina. Lakini nikueleze ninavyoamini: kwenye "Mambo" anapoimba kwa Kiingereza, kama kwenye "No Money, No Life" na "One World", nusu ya Remmy haipo. Hoja ipo, mapigo yapo, ila lile zunguko la sentensi, kule kurudia na kubadilisha neno moja, kunahitaji lugha ambayo mtu anaota nayo. Wazungu walipata mpiga muziki mahiri. Sisi tulikuwa na mwenye maneno.

Na si kila alichotunga kwa Kiswahili ninakipenda. Kwenye albamu hiyohiyo upo wimbo "Mrema", wa zama ambazo Augustine Mrema alikuwa waziri wa mambo ya ndani na jina lake liko kila kijiwe. Naelewa kwa nini aliutunga. Mrema alionekana kumsikiliza mnyonge, na watu walikuwa na kiu ya kiongozi wa namna hiyo. Ila wimbo wa kumsifu mwanasiasa huzeeka na mwanasiasa wake. Ule wa baiskeli na motokaa bado una umri uleule.

Miaka yake ya mwisho aliugua, kiharusi kikampunguza nguvu, naye akaokoka na kuachana na dansi, akaimba Injili. Albamu yake "Kwa Yesu Kuna Furaha" baadhi ya mashabiki waliipokea kwa huzuni, kana kwamba wameporwa mtu wao. Mimi sikuona ajabu. Mtu aliyeuliza kuhusu kifo tangu ujana hatimaye alipata jibu lililomtosha, na hata mwenzake wa Matimila, Cosmas Chidumule, alikwenda njia hiyohiyo. Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Ukipanda daladala za Sinza mpaka leo konda anatangaza kituo: kwa Remmy. Wako abiria wanaoshuka hapo kila siku bila kujua Remmy alikuwa nani, na wako wanaomjua kwanza mwanaye, Kally Ongala, kwa kuwa alisakata kandanda Yanga na Azam kisha akawa kocha.

Sasa mpangilio wa kusikiliza, kama ulivyoomba. Usianze na "Kifo", ingawa kila mtu atakuelekeza huko; umeusikia sana pasipo kuusikiliza na masikio yako yameuzoea. Anza na "Mnyonge Hana Haki", toleo lolote la zamani utakalolipata, ikiwezekana lile la Radio Tanzania hata kama linakoroma. Andika mashairi yote kwa mkono kwenye daftari. Pigia mstari kila mahali aliporudia, na uzungushe neno lililobadilika. Kisha nenda "Nalilia Mwana", uone anavyobeba kilio cha kutamani mtoto, kisha "Ndumila Kuwili" ili uone hasira yake ilivyo na adabu. "Arusi ya Mwanza" utaupenda kwa sababu ya mji wako, na unapumzisha moyo baada ya hizo nyingine. Baada ya hapo ingia "Songs for the Poor Man" nzima, ukiwa na gitaa mapajani, na ujifunze sehemu ya ridhim ya "Karola" kabla ya kugusa solo. Wanafunzi wangu wote hukimbilia solo. Wote huwa nawarudisha. Ukishaweza kushikilia ridhim wimbo mzima bila kuharakisha, ndipo utaelewa kwa nini mwimbaji anaweza kuongea juu yake na isiwe kelele. "Mambo kwa Soksi" uache uwe wa mwisho, ukiwa tayari unajua ni nani anayesema.

Je, mwanamke anaweza? Anaweza, tena nitafurahi sana kumsikia. Nyimbo za mnyonge hazina jinsia. Mwanamke anayetembea kwa miguu kando ya barabara hana usemi mara mbili, na maneno yale mdomoni mwako yatapata maana ambayo Remmy asingeweza kuyapa. Usijaribu kuikwaruza sauti ifanane na yake. Pandisha ufunguo mpaka pale unapoongea kawaida, si pale unapoimba vizuri zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kuongea. Kama huna bendi, tafuta watu wawili tu wa kuitikia. Bila waitikiaji usithubutu, wimbo utaanguka. Na ile sehemu anayoongea usiikariri neno kwa neno. Chukua hoja yake, iseme kwa mambo ya Mwanza unayoyaona wewe, bodaboda, mwalo, bei ya dagaa, halafu urudi kwenye kibwagizo chake bila kukigusa.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na vijana wengi hulisahau. Kupiga nyimbo zake ukumbini kwa kawaida ni mwenye ukumbi anayetakiwa kuwa na leseni ya kutumia muziki, lakini kurekodi ni jambo lingine. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo nyimbo za Remmy bado zina wenyewe. Kabla hujaingia studio nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uliza nani anashikilia haki ya wimbo unaoutaka, upate kibali kwa maandishi, na jina la mtunzi liandikwe kwenye kazi yako kama Ramadhani Mtoro Ongala. Ukikwama kwenye ridhim ya "Karola", niandikie tena, na safari hiyo unitumie na sauti uliyojirekodi ili nisikie vidole vinakosea wapi.